Siku ya Mashujaa na Mama Katilili wa Malindi

Zamani tarehe 20 Oktoba iliitwa Siku ya Kenyatta. Watoto wa Malindi walipangwa mistari uwanjani, wakasikiliza habari za viongozi waliokamatwa mwaka 1952, kisha wakarudi makwao. Lilikuwa jambo zito, lakini la bara. Katiba ya 2010 ikaigeuza kuwa Siku ya Mashujaa, na tarehe hiyohiyo mwaka 2012 sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama wa Pwani kuwapinga Waingereza, ikazinduliwa hapa mjini, katika bustani ambayo sasa ina jina lake.

Sisi wa makumbusho tukiwafikisha wanafunzi pale, huanza na jina. Alizaliwa akaitwa Mnyazi. Mekatilili maana yake ni mama Katilili, kwa kuwa Mgiriama aliyezaa huitwa kwa mwanawe. Ukimtaja hivyo, unamtaja kama majirani zake walivyomtaja.

Mwaka 1913 Waingereza waliwataka Wagiriama walipe kodi ya nyumba, watoe vijana wa kazi, na wahame ardhi nzuri ya kaskazini mwa Mto Sabaki. Hapa ndipo mji wetu unapoingia, na mara nyingi tunapapita haraka. Utumwa ulifutwa Pwani mwaka 1907, mashamba makubwa ya hapa yakakosa watu wa kulima, na macho yakageukia vijana wa Kigiriama. Kwa hiyo kisa hiki si cha Wagiriama peke yao. Mtoto wa Shela, mtaa wa hapa Malindi, naye ana haki ya kukisikia chote.

Mekatilili alikuwa mjane, hana cheo. Aliwakusanya watu kwa kifudu, ngoma ya matanga, akasema nao. Yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola wakalisha kiapo, kile kiitwacho mukushekushe kwa wanawake na kile kiitwacho fisi kwa wanaume, kwamba asiwepo wa kumpa Mzungu kodi wala mikono yake. Wakakamatwa, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakashika njia ya kurudi kwao, zaidi ya kilomita 600, na msako nyuma yao.

Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Walimu, msipite hapo kwa sentensi moja! Kaya ni mahali pa maombi, pa viapo na pa wazee. Aliyeilipua alijua anapiga wapi. Mekatilili akakamatwa tena. Lakini Wagiriama walikuja kurudi kulima ng'ambo ya Sabaki, na msitu wa kaya ile umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008.

Kaburi lake liko Bungale, Magarini. Oktoba 20 hii, gwaride likiisha, wapelekeni watoto huko, na mchukueni bibi anayezijua bado nyimbo za kifudu.