Zhou: pigo la kiwiko katika kung fu

Uwanjani, beki akimchapa mshambuliaji kiwiko, mwamuzi anachomoa kadi nyekundu. Katika sanaa za mapigano za jadi za China, kiwiko ni silaha halali yenye mafunzo yake. Huitwa zhou, tamka "jou", na walimu wana kanuni fupi ya kukipangia mahali pake: mbali ngumi, karibu kiwiko, mkigusana miili bega. Ukishaielewa kanuni hiyo, sehemu kubwa ya somo umeimaliza. Zhou ni pigo la pale ambapo ngumi imekosa nafasi ya kunyooka.

Nguvu yake ina sababu za kimaumbile. Mkono kuanzia kifundo hadi ncha za vidole una mifupa 27, mingi yake midogo, na ngumi ikitua vibaya kwenye paji la uso anayeumia ni mpigaji. Ncha ya kiwiko ni mfupa mmoja mnene uliofunikwa na ngozi nyembamba. Tena kiwiko kiko karibu na kiwiliwili, kwa hiyo uzito wa mwili unafika bila kupitia kifundo cha mkono kinachoweza kupinda njiani. Wachina wana msemo kwamba heri kula mapigo kumi ya mkono kuliko moja la kiwiko.

Mtindo unaosifika zaidi kwa viwiko ni bajiquan. Ulikulia Mengcun, eneo la Cangzhou katika mkoa wa Hebei, miongoni mwa Wahui, yaani Waislamu wa China, na Wu Zhong wa karne ya 18 ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wake. Pigo lake kuu ni dingzhou. Mtazame anayelijua: mkono wa mbele umekunjwa, ngumi iko karibu na kifua chake, ncha ya kiwiko imeelekezwa kifuani kwa mpinzani. Mguu wa nyuma unasukuma ardhi, wa mbele unatua kwa kishindo, na kiwiko kinafika sawia na mguu. Mkono wa pili unafunguka nyuma kuweka mizani. Bega halipandi, na mkono wenyewe hauna haraka yoyote. Mwili mzima ndio unaosafiri ubavu mbele, kama wa mtu anayefungua mlango uliokwama. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokosea. Wanatupa kiwiko kwa nguvu za bega huku miguu imelala, na pigo linabaki la kuvutia kwenye picha tu.

Taijiquan, yaani tai chi, ile inayochezwa polepole bustanini, nayo inacho kiwiko. Katika nguvu zake nane za msingi, zhou ni ya saba, na ya nane ni kao, pigo la bega. Mpangilio huo unaonekana vizuri katika mazoezi ya kusukumana mikono. Mpinzani akikukamata kifundo cha mkono na kukivuta, hushindani naye. Unamwachia kifundo, unakunja mkono, na kule kuvuta kwake kunakileta kiwiko chako mbavuni mwake. Akikizuia kiwiko, bega linafuata.

Wing chun, mtindo wa kusini uliofundishwa Hong Kong na Ip Man tangu mwaka 1950, unaviweka viwiko vyake vingi katika Biu Jee, mfululizo wa tatu na wa mwisho wa miondoko ya mikono mitupu. Kimoja hushuka kutoka juu kwa mshazari, kwa msukumo wa kugeuka kwa kiuno. Kuchelewesha huko naona kuna busara. Anayeinua kiwiko anaziacha mbavu zake wazi, na pigo likikosa, mpinzani akikisukuma kiwiko hicho kidogo tu, mpigaji anageuka na kumwonyesha mgongo. Ndiyo maana mwanafunzi wa karibu kila mtindo huanza na amri iliyo kinyume: shusha mabega, dondosha viwiko. Kwanza kiwiko kilinde mbavu, kupiga baadaye.

Ukitazama mashindano ya sanda, mchezo wa kisasa wa Kichina wa ngumi, mateke na kuangushana, usikitafute kiwiko. Sheria zinakikataza. Utakiona katika mifululizo ya jadi na katika mazoezi ya wawili wawili, ambako mpigaji hukisimamisha kabla hakijafika.