Wopsle ana kazi gani?

Kila ninapofundisha riwaya ya Charles Dickens, *Great Expectations*, darasa hukwama kwa mtu mmoja: Bwana Wopsle. Pip, kijana wa kijijini ambaye ndiye mhusika mkuu, yuko London, anagharimiwa na mfadhili asiyemjua, moyo wake uko kwa Estella, nasi tunataka kujua yatakayompata. Ghafla mwandishi anampeleka kumtazama Wopsle, aliyekuwa karani wa kanisa la kijijini kwao, akiivuruga *Hamlet*, tamthilia ya Shakespeare, jukwaani. Ukipewa kazi ya kufupisha kitabu hiki, sura hiyo ya 31 ungeifyeka ya kwanza. Na ungekuwa umekiua.

Mfuatilie Wopsle tangu mwanzo. Kijijini ana pua kubwa na sauti nzito anayoionea fahari, na anaamini kwamba lau Kanisa lingefungua milango kwa kila mwenye kipaji, angevuma. Basi anauacha ukarani, anakwenda London, anajibandika jina la kisanii, Waldengarver. Pip naye ameiacha karakana ya mhunzi na kwenda London kujifunza uungwana. Safari ni ileile, ila ya Wopsle tumeruhusiwa kuicheka. Mzimu wa mfalme unakohoa na kuchungulia karatasi yenye maneno yake. Hamlet akijiuliza kama ni bora kuvumilia, watazamaji wanamjibu kwa kelele: wapo wanaosema ndiyo, wapo wanaosema hapana, na wengine wanataka sarafu irushwe. Pip hawezi kujizuia kucheka. Usiku huohuo anaota kwamba matumaini yake yote yamefutwa na kwamba anatakiwa aigize Hamlet mbele ya watu elfu ishirini, mzimu ukiwa Bibi Havisham, tajiri aliyemlea Estella, ilhali hajui hata maneno ishirini. Hakuna mahali Dickens anapotutamkia kwamba uungwana wa Pip nao ni maigizo. Wopsle amekwisha kutuonyesha.

Kisha inakuja sura ya 47. Wopsle, aliyeshushwa hadi visehemu vya kuchekesha, anamkodolea macho Pip kutoka jukwaani. Wakikutana nje anamweleza: nyuma yako alikaa mmoja wa wale wafungwa wawili tuliowaona wakikamatwa kwenye vinamasi ulipokuwa mtoto. Ni Compeyson, ambaye baadaye atamchongea kwa serikali Magwitch, yule mfungwa wa pili, ambaye ndiye mfadhili wa siri wa Pip. Nani mwingine angeliweza kuiona hatari hiyo? Pip alikuwa amempa mgongo. Joe, shemeji yake mhunzi, yuko kijijini, Magwitch amejificha. Alihitajika mtu aliyekuwapo siku ya vinamasi na ambaye sasa anawatazama watu ukumbini uso kwa uso, yaani mwigizaji.

Biashara nayo ilichangia. Riwaya hii ilitoka kila wiki katika jarida la Dickens mwenyewe, *All the Year Round*, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Msomaji aliyekutana na mhusika majira ya baridi ilibidi amtambue majira ya joto, ndiyo maana kila mmoja akapewa pua yake, sauti yake, kauli yake. Tumezoea kumbeza darasani mhusika bapa, yule mwenye sifa moja mbili tu asiyebadilika. Katika riwaya ya mfululizo, ubapa ulikuwa ufundi.

Katika kutumia visa vya pembeni, George Eliot alikwenda mbali zaidi. *Middlemarch* (1871–72) ilianza kama hadithi mbili mbalimbali, moja ya daktari Lydgate na mji wake, nyingine ya Dorothea Brooke, kisha akazisuka pamoja. Kubishana msuko mkuu ni upi humo ni kupoteza muda.

Sisemi kila kisa cha pembeni kina tija. Maktaba za kuazimisha, ya Mudie ikiwa mbele, zilipendelea riwaya za juzuu tatu, maana kitabu kimoja kiliweza kuwa mikononi mwa wasomaji watatu kwa wakati mmoja, na waandishi wengi walijaza kurasa tu. Anthony Trollope alipata kuwasikia makasisi wawili wakilalamika klabuni kwamba anarudia wahusika walewale, hasa Bibi Proudie, mke wa askofu anayemtawala mumewe. Akainuka, akawaambia anakwenda nyumbani kumwua. Akamwua kweli, katika *The Last Chronicle of Barset* (1867), muda mfupi baada ya askofu kuthubutu hatimaye kumwambia kwamba amemwaibisha. Miaka baadaye Trollope aliandika kwamba nyakati nyingine alijutia kitendo hicho, kwa jinsi alivyokuwa amefurahia kumwandika.