Fransaizi: kwa nini kuku wa KFC mara nyingi hauzwi na KFC

Mtu akifungua karai la pili la chipsi Magomeni baada ya lile la Chuno, hapa Mtwara, siku hizi anasema amefungua fransaizi. Mwingine ameandika KFC, jina la migahawa ya Kimarekani ya kuku wa kukaanga, kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa kibanda, kachora na jogoo pembeni, na ukimuuliza anajibu bila haya kwamba yeye ndiye tawi la Mtwara. Nimelisikia neno hili likitupwa huku na huku kiasi kwamba nimeona niliseme lote mara moja.

Fransaizi ni mkataba. Mwenye jina na utaratibu wa biashara anamruhusu mtu mwingine avitumie, huyo mwingine anafungua duka kwa mtaji wake, kisha analipa ada ya kuingia na sehemu ya mauzo kila kipindi, akifuata masharti aliyopewa. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachonikera ni kuiita tawi. Tawi ni mali ya mwenye kampuni. Meneja wa tawi la benki hapa mjini ni mwajiriwa. Tawi likipata hasara mshahara wake unatoka makao makuu vilevile, na likifungwa anahamishiwa Lindi au Masasi. Mwenye fransaizi hana pa kuhamishiwa. Pango analipa yeye, mashine kanunua yeye, wafanyakazi ni wake na hasara ni yake. Kitu pekee kisicho chake ni lile jina lililo juu ya mlango, ambalo ndilo linaloleta wateja. Wa kumlinganisha naye kwa hapa kwetu ni wakala wa pesa za simu: kibanda ni chake na mtaji ni wake, ila jina na rangi ni za kampuni. Hata hivyo pesa zinakwenda kinyume. Wakala hulipwa kamisheni na kampuni, mwenye fransaizi ndiye anayeilipa kampuni.

Na KFC, yaani Kentucky Fried Chicken, ambayo watu wanaitaja wakidhani ni hoteli moja kubwa yenye matawi dunia nzima, ndiyo mfano unaoonyesha tofauti hii kuliko yote.

Mwanzilishi wake, Harland Sanders, maarufu kama Kanali Sanders, aliyezaliwa Indiana nchini Marekani mwaka 1890, alianza kuuza chakula mwaka 1930 kwenye kituo cha mafuta pale Corbin, jimbo la Kentucky. Ukanali hakuupata jeshini, ni heshima aliyopewa na gavana wa jimbo mwaka 1935. Shida yake ilikuwa muda. Kuku wa kikaangio alichukua kama nusu saa, na msafiri mwenye njaa hana nusu saa. Mwaka 1939 akachukua sufuria la presha, lililokuwa likitumika kupikia mboga, akalirekebisha ili likaange kuku kwa mafuta. Nyama ikaiva haraka na ndani ikabaki na maji yake. (Usijaribu na presha yako ya kupikia maharage. Haikutengenezwa kwa mafuta ya moto, inaweza kulipuka.) Mchanganyiko wake wa viungo 11 ulikamilika mwaka uliofuata.

Mgahawa wa Corbin, lakini, haukuitwa Kentucky Fried Chicken. Uliitwa Sanders Court & Café. Jina tunalolijua lilizaliwa jimbo la Utah, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo, mwaka 1952, pale Pete Harman, aliyekuwa na mgahawa wake mwenyewe karibu na Salt Lake City, alipokubaliana na Sanders kupika kuku kwa njia yake na kumlipa senti 4 kwa kila kuku atakayeuzwa. Harman alihitaji bango. Mchora mabango aliyeitwa Don Anderson ndiye aliyetunga maneno hayo matatu. Kwa hiyo jina lilitoka kwenye duka la mpokea ruhusa, likaenda kuwa la mwenye kutoa ruhusa. Hata ile ndoo ya karatasi ilianzia kwa Harman, mwaka 1957: vipande 14 vya kuku, mikate midogo 5 na mchuzi, chakula cha jioni cha familia nzima.

Sanders mwenyewe aliuza mgahawa wake mwaka 1956, baada ya barabara kuu mpya kupangwa kupita mbali na Corbin, akabaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Akapakia masufuria na viungo kwenye gari, akawa anaingia migahawa ya watu anapika, wakipenda wanapeana mkono. Viungo aliwauzia vikiwa vimeshachanganywa, ili wanunuzi wapike bila kujua siri. Mpaka anauza kampuni mwaka 1964, kwa dola milioni 2, maduka yalishapita 600, na karibu yote yalikuwa ya watu wengine.

Kisa cha mchuzi ndicho ninachokipenda zaidi. Miaka ya sabini, Sanders akiwa bado sura ya kampuni kwa malipo, aliliambia gazeti kwamba mchuzi unaouzwa kwa jina lake umekuwa kama gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Kampuni iliyomiliki maduka ya Bowling Green, Kentucky, ikamshtaki kwa kuichafulia jina. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaona hana la kujibu, kwa kuwa maneno yake hayakulenga duka mahususi. Jiulize, hayo yangekuwa matawi, nani angemshtaki nani?

Leo jina hilo ni mali ya kampuni ya Yum! Brands, na lilifupishwa rasmi kuwa KFC mwaka 1991. Dar es Salaam lilifika mwaka 2013, miaka miwili baada ya Nairobi. Orodha ya chakula ina uti wa mgongo unaofanana karibu kila mahali: vipande vya mapishi ya asili, vile vya ukoko mkavu wenye pilipili, baga ya Zinger, chipsi, kabichi ya kuchanganywa na mayonezi. Pembeni kila nchi inaruhusiwa kidogo. Afrika Kusini wanakula na ugali, China, ambako waliingia Beijing mwaka 1987, asubuhi wanauza uji wa mchele.

Ruhusa hiyo ina mipaka. Januari 2022 maduka ya KFC ya Kenya yaliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilivyokuwa vikitoka nje vilichelewa njiani, huku wakulima wa Kenya wakiwa na viazi shambani. Wakenya wakaja juu. Jibu lilikuwa kwamba kila msambazaji lazima kwanza apitishwe kwa viwango vya kampuni. Muuza chipsi wetu akikosa viazi vya Njombe anatafuta vya kwingine kabla ya magharibi, hana wa kumuomba kibali.

Na kuku wake? Nimesimama mara nyingi mbele ya yale makarai. Kijana anachovya paja la broila kwenye yai, analigaragaza kwenye unga wa ngano wenye binzari, kitunguu saumu cha unga na pilipili, analikung'uta, analirudia tena, ndipo analitosa. Haangalii saa. Anasikiliza mafuta, mapovu yakipungua na mlio ukishuka anajua maji yamepungua, analiopoa. Huyo ni kuku wa unga, na akiwa wa moto na kachumbari yenye ndimu mimi namchagua yeye. Hana presha, hana viungo 11, na hajamlipa mtu hata senti. Si kuku wa KFC, hata kama mapishi yake aliyatoa kwenye simu yakiwa yameandikwa hivyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa makarai mawili: ulichonacho ni matawi. Yote mawili yako, faida yote yako. Ukitaka fransaizi kweli, jina lako lisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, maana kusajili jina la biashara peke yake hakumzuii mwingine kuitumia nembo yako. Andika vipimo vya unga wako mpaka mtu wa Newala aweze kupika bila wewe kuwepo, kisha umkute anayekubali kukulipa kwa hilo. Na wewe wa ubao mwekundu, futa zile herufi tatu, andika jina lako. Jogoo mwache, kachorwa vizuri.