Mawasiliano "ya" taharuki na mawasiliano "wakati wa" taharuki, naomba tuelewane

Juzi tena. Grupu la Wasap la watu tunaofuatilia mambo ya haki jinai kwa watoto, saa tano usiku mtu kaingia kaandika "jamani kuna ishu imetokea, tufanye mawasiliano ya mgogoro faster tutoe tamko". Nikajua leo hatulali. Maana kinachofuata huwa ni kilekile, tamko la aya sita lenye nembo juu, "tunalaani vikali" tatu nne humo ndani, alafu kufika asubuhi skrinshoti zinazunguka na watu wanatuuliza kwani nyie mnatetea wauaji?

Maana yenyewe ya hayo mawasiliano ni fupi. Ni kazi ya kusema na watu pale jambo baya limetokea, hofu na hasira ziko juu, na wanaokusikiliza hawana moyo wa kukusikiliza. Kwetu sisi tunaotaka mfumo wa sheria kwa watoto ubadilike, jambo lenyewe karibu siku zote ni moja: kijana wa miaka 15 au 16 anatuhumiwa kwa kitu cha kutisha na mtaa mzima unauliza hawa watetezi wa watoto wako wapi sasa. Nani aseme, aanze na nini, kipi kisitoke kabisa, na aliyefiwa asikie nini kutoka kwetu kabla hajakikuta kwenye simu. Basi, hakuna zaidi.

Sasa jina. Sijui nani wa kwanza aliamua tuite mawasiliano ya mgogoro, ila ametuharibia. Mgogoro kwa Mswahili una pande mbili. Mgogoro wa ardhi, mgogoro wa wakulima na wafugaji, mgogoro wa ndoa, kote huko kuna huyu na kuna yule, na anatafutwa mzee wa kuwasuluhisha. Ndo maana watu wakisikia mgogoro wanakaa kishari kabisa, wanatafuta nani yuko upande wa pili wamjibu. Na upande wa pili wakiangalia wanamkuta mama aliyepoteza mtoto. Utamjibu nini huyo?

Wazungu neno lao, crisis, wamelitoa kwa Wayunani, krisis, maana yake kuamua, kupambanua, na waganga wa zamani kule walilitumia kwa ile hatua ya ugonjwa ambapo homa ikishafika kileleni mgonjwa ama anapona ama ndo basi. Kwa hiyo ndani ya neno lao kuna uamuzi, hamna ugomvi wowote.

Mimi napenda taharuki. Na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu hili neno ni tamu. Taharuki limetoka kwenye Kiarabu, mzizi wake ni ule wa kusogea, kutikisika, kitu kilichotulia kinaanza kwenda. Mzizi huohuo ndo umetupa haraka (msinirushie ile methali, naijua). Na huohuo umetupa harakati, na harakati imetupa mwanaharakati. Yani taharuki na mwanaharakati ni ndugu wa tumbo moja, wote ni watu wa mtikisiko, na nadhani hiyo inaeleza mambo mengi kuhusu sisi kwenye lile grupu saa tano usiku. Kukitokea kishindo tunasimama wote, kila mtu anaandika, hakuna anayesoma.

Alafu kuna hii "ya". Mawasiliano ya taharuki kwa Kiswahili cha kawaida ni mawasiliano yaliyojaa taharuki, kama vile uji wa moto ulivyo wa moto. Mtu akikutumia voisi noti anahema "msitoke nje, wanakuja, wako mia tatu", hayo ndo mawasiliano ya taharuki, na hayahitaji mtaalamu. Tunachotaka sisi ni mawasiliano wakati wa taharuki. Taharuki ni ya mtaa, wewe unayesema unatakiwa uwe umetulia.

Wa Dar mtakumbuka Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015. Jioni ikavuma kwamba Panya Road, yale magenge ya vijana wa mapanga, wanakuja. Mimi nilikuwa kwenye daladala Sinza, konda akapokea simu, akasikiliza kidogo, akasema mwisho hapahapa, na nauli hakurudisha. Maduka yanafungwa, mama mmoja kashika ndala mkononi anakimbia, nikamuuliza wako wapi akaniambia "sijui, kimbia tu". Kila mtu kasikia kwa mwingine. Ile ilikuwa taharuki tupu, na kwa taharuki ya namna ile mtu anayesema anahitaji taarifa tu: nini kimetokea, wapi, nani kathibitisha, nini hakijatokea. Pole haina kazi pale, unampa pole nani?

Ila Septemba 2022 jina lile liliporudi mambo yalikuwa mengine. Watu walivamiwa majumbani wakakatwa mapanga, mwanafunzi wa chuo akauawa Kawe. Hapo taharuki ilikuwa na msiba ndani yake, na ukianza na takwimu au na kifungu cha sheria kabla ya pole umeshakosea hata kama kila neno lako ni kweli. Msibani kwetu mtu hafiki akaanza na hoja, anafika anakaa. Hiyo kila mtu anaijua mpaka apewe nembo na mtandao.

Na pole ukishaitoa usiifute kwa "lakini" kwenye sentensi hiyohiyo. Mambo ya sheria yana siku yake na yanaandaliwa kabla, kipindi hakuna anayeuliza. Kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto hahukumiwi kifungo jela, sawa, mtu mwenye hasira anasikia "ataachiwa". Kwa hiyo uwe na maelezo ya nini kinafanyika badala yake, kwamba kuna Mahakama ya Watoto inayokaa faragha, kuna afisa ustawi wa jamii anakuwepo, kuna mahabusu ya watoto, kuna shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya, ambako mtoto anapelekwa kwa amri ya mahakama, haendi likizo. Maelezo haya ukiyatunga usiku wa tukio yanatoka yamechacha.

Kingine ni picha. Kuna shirika moja, silitaji, tulikuwa nao kwenye kampeni, waliposti picha ya kijana wanayemtetea, uso wameutia ukungu vizuri kabisa, mtaalamu kafanya. Chini ya ukungu kuna sweta la shule, nembo inasomeka, na kiwiko cha kulia kina kiraka cha uzi wa bluu ambacho mtaa mzima ulishakiona. Dakika kumi hazikuisha jina likawa kwenye komenti. Kanuni za Umoja wa Mataifa za Beijing za 1985 zilishasema isitolewe taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtoto, yoyote, na kiraka kimo. Nilipowaambia wakanijibu walikuwa kwenye "mawasiliano ya mgogoro", walikuwa wanawahi. Wanawahi wapi?

Kwa hiyo kaka yangu wa saa tano usiku, sina ugomvi na wewe, najua ulikuwa na uchungu na yule dogo. Ila siku nyingine andika "wakati wa taharuki", alafu kabla ya tamko tuulizane nani anaijua ile familia iliyofiwa, aende yeye asubuhi, bila kamera na bila fulana ya kampeni. Tamko tutaliandika akisharudi.