Eti ni damu changa

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu aliyesoma: "Hao wanafunzi wa Bangladesh wanaopigana hadi kuuana, si damu changa tu inawachemka?" Jamani. Nimefuatilia siasa za vyuo vya kule miaka mingi, na kama ni damu, basi ina nidhamu ya ajabu. Humchemka zaidi mwenye chama madarakani, na siku serikali ikianguka inapoa ghafla.

Historia nitaipitia mbio. Chhatra League, jumuiya ya wanafunzi ya Awami League, chama cha Sheikh Hasina, iliundwa 1948. Imekitangulia chama chenyewe kwa mwaka mmoja. BNP, wapinzani wao wakuu, wana Chhatra Dal; Jamaat, chama cha Kiislamu, wana Chhatra Shibir. Hakuna aliye msafi.

Sasa tuje kwenye kitanda cha bweni, kinachogombewa hasa, maana hapo ndipo watu wananichosha. Kijana wa mwaka wa kwanza anafika Chuo Kikuu cha Dhaka na begi lake. Kwa kanuni, nafasi za bweni hugawa uongozi wa chuo. Kwa miaka na miaka, hadi 2024, aliyegawa hasa alikuwa kiongozi wa jumuiya ya chama tawala. Mgeni alitupwa "gonorum", chumba cha wote, watu wamelala sakafuni bega kwa bega. Kodi ililipwa kwa miguu: kuna maandamano, unakwenda, kuna mkubwa wa chama, unapiga makofi. Usiku unaitwa kwenye "gestirum", kikao cha kuulizwa kwa nini jana hukutoa salamu, kwa nini hukuonekana kwenye msafara. Jibu likiwa baya, kofi. Ukizidi, begi linatangulia nje nawe unalifuata. Ukivumilia, unapata kitanda, na baadaye zamu yako ya kuwaita wengine usiku.

Hiyo ni mali, na mali hugombewa hata na ndugu. Juni 2002, katika chuo cha uhandisi cha BUET, mwanafunzi Sabekun Nahar Sony aliuawa kwa risasi za makundi mawili yaliyogombania zabuni. Makundi yote mawili yalikuwa ya Chhatra Dal. Itikadi iko wapi hapo?

Lakini nisijifanye nimemaliza kila kitu. Abrar Fahad, wa chuo hicho hicho, alikuwa na kitanda chake. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 2019 aliitwa chumba 2011 cha bweni la Sher-e-Bangla, akapigwa kwa saa kadhaa na watu wa Chhatra League, akafa. Kosa lake: alikosoa kwenye Facebook makubaliano ya serikali na India, wakamshuku ni Shibir. Desemba 2021 mahakama iliwahukumu 20 kifo na 5 kifungo cha maisha. Kitanda kinanieleza kwa nini walikuwa na chumba cha kupigia watu bila mlinzi kuuliza. Hakinielezi kwa nini hawakuacha kupiga, na sijapata maelezo yanayoniridhisha.

Na wale wa "si wazipige marufuku tu jumuiya hizi"? Sheria ya uchaguzi ilishajaribu 2008: chama kinachotaka usajili kisiwe na jumuiya ya wanafunzi. Vyama vikabadili neno, jumuiya ikawa shirika "la kindugu", na vitanda vikabaki mikononi mwa walewale. Tarehe 23 Oktoba 2024, baada ya waziri mkuu Sheikh Hasina kukimbia nchi, serikali ya mpito ikaipiga marufuku Chhatra League kwa sheria ya ugaidi. Kwa vipigo vyake vya Julai mwaka huo dhidi ya waandamanaji, sikushangaa. Watu wakanitumia pongezi, kana kwamba nimeshinda mechi. Septemba 2025 chuo kikuu cha Dhaka kikachagua serikali ya wanafunzi, wagombea wa Shibir wakavuna viti vingi, na simu zikaanza upya: je, hawa ni wabaya au wazuri? Mimi nauliza orodha ya vitanda inakaa kwenye droo ya nani.