Simu ikutumikie: maswali na majibu kuhusu afya na teknolojia ya kidijitali

Mtu mzima asizidishe saa ngapi kwa siku kwenye simu?

Hakuna idadi moja inayomfaa kila mtu mzima, kwa sababu matumizi hayafanani. Dereva wa bodaboda anayepokea oda kutwa nzima si sawa na mtu aliyejilaza akitazama video fupi saa tatu mfululizo. Angalia simu imechukua nafasi ya nini. Ukiona unalala pungufu ya saa 7, shingo inauma, unakula macho yakiwa kwenye kioo, na wa nyumbani wanakuita mara tatu ndipo uitikie, basi imezidi, hata kama muda wenyewe unauona mdogo.

Mbona nashika simu dakika tano, nikishtuka saa nzima imepita?

Si udhaifu wako. Programu nyingi zimeondolewa mahali pa kuishia. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, bakuli la uji lina kitako. Ukifika hapo unapata nafasi ya kuamua kama unataka zaidi. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa unaojiongeza kila unapousogeza, na baadaye alieleza hadharani kwamba anajutia ubunifu huo. Ongeza video zinazojicheza zenyewe, na "like" zinazokuja leo mbili, kesho hamsini. Kitu kisicho na ratiba humfanya mtu achungulie kila mara, huenda sasa kimefika.

Kwa hiyo usitegemee nia peke yake. Rudisha mahali pa kuishia. Zima uchezaji wa video wa kujiendesha. Iondoe programu inayokumeza kwenye ukurasa wa mbele, na utoke kwenye akaunti kila unapomaliza, ili kuingia tena kudai nywila. Usumbufu huo mdogo unakupa sekunde chache za kujiuliza umefuata nini. Simu nyingi za Android zina sehemu ya Nidhamu Dijitali ndani ya Mipangilio, ambako kila programu hupangiwa dakika zake kwa siku. Anza na punguzo la wastani: ukitumia dakika 120, weka 90, na wiki ijayo 60. Anayejipangia 15 kwa pupa huishia kukizima kikomo chenyewe.

Arifa zipi nizime?

Iliyotumwa na mtu kwa ajili yako ibaki. Iliyotungwa na programu iondoke. Simu, SMS, ujumbe wa miamala ya pesa na wa mwalimu wa mtoto, acha. "Fulani ameweka picha mpya" na "usikose ofa ya leo", zima. Magrupu ya harusi na ya ukoo yanyamazishe, uyasome mchana na jioni.

Kosa la kawaida ni kuzima zote kwa mkupuo. Mtu anachelewa kujua kuna msiba, anaona aibu mbele ya ndugu, anawasha zote tena na kuuacha mpango. Kabla hujanyamazisha grupu, waambie wa karibu: la dharura, nipigieni.

Nimeweka mwanga wa kioo cha simu uwe wa manjano usiku. Mbona bado silali?

Kwa sababu mwanga ni sehemu tu ya tatizo. Ni kweli mwanga wa kioo hupunguza melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, na kupunguza ung'avu kunasaidia kidogo. Ila kwa maoni yetu wanaoiba usingizi zaidi ni muda wenyewe na yale unayoyasoma. Mabishano ya siasa saa tano usiku yanauchemsha moyo hata kioo kiwe cha rangi gani.

Bando la usiku nalo lina mchango wake. Bei yake nafuu inamkeshesha mwanafunzi hadi alfajiri ili MB zisimpotee, kisha asubuhi anasinzia darasani. Kama ndilo unalolimudu, pakua unachohitaji mara tu linapoanza, uache simu ikiendelea yenyewe mezani, nawe ulale. Mchana utatazama bila kutumia MB.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: dakika 60 kabla ya kulala, simu iende kwenye chaji nje ya chumba. Mnaishi chumba kimoja? Iwekeni juu ya kabati au karibu na mlango, kioo kikitazama chini, mahali ambapo mkono haufiki bila mtu kuinuka. Nunua saa ya mezani yenye kengele, maana kengele ya simu ndiyo inayoirudisha simu kitandani. Kama una mgonjwa au mzazi wa mbali, washa Usinisumbue, hali ya simu inayozima milio, kisha ruhusu namba za watu hao na za anayepiga mara mbili mfululizo. Na usichaji simu chini ya mto: joto linakosa pa kutokea, na betri inaweza kushika moto.

Mtoto wangu wa mwaka mmoja hali uji bila katuni. Kuna ubaya?

Upo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kabisa kumketisha mtoto wa chini ya miaka 2 mbele ya kioo. Kuanzia miaka 2 hadi 4 usizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Runinga inahesabiwa pia. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate usingizi wa saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo.

Anayelishwa huku akitazama katuni humeza bila kuusikiliza mwili wake. Hajui ameshiba lini, na hajifunzi kutafuna, kushika kijiko wala kuutazama uso wa anayemlisha. Mwachishe kwa mlo mmoja kwanza, ule ambao huna haraka nao. Mpe kijiko chake mwenyewe, mketi uso kwa uso. Siku za mwanzo atalia na kula kidogo. Usimrudishie simu katikati ya kilio, maana hapo amejifunza kwamba kilio ndicho kinachoiwasha.

Kuongea kwa video na baba aliyeko Muscat au bibi aliyeko kijijini ni jambo jingine. Hata madaktari wa watoto wa Marekani huyatenga mazungumzo hayo na katazo lao kwa watoto wachanga, mradi mtu mzima awe pamoja na mtoto.

Spika za masikioni zinadhuru?

Sauti kubwa kwa muda mrefu ndiyo inayodhuru. Kiwango kinachohesabika salama kwa mtu mzima ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo unapungua kwa nusu. Kwenye daladala watu huongeza sauti ili kushinda mngurumo wa injini. Hapo ndipo masikio yanapoumia. Usivuke asilimia 60 ya sauti ya simu. Masikio yakivuma baada ya kuvua spika, ulizidisha.

Programu ya afya inaniomba taarifa zangu. Nikubali?

Tazama inaomba nini. Ya kuhesabu siku za hedhi haihitaji orodha ya namba zako wala mahali ulipo. Fungua Mipangilio, Programu, kisha Ruhusa, uondoe kisichohusiana na kazi yake. Mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na waendeshaji wa Flo, programu ya hedhi na ujauzito, baada ya kuwatuhumu kwamba waliwapa kampuni nyingine taarifa za kiafya za watumiaji huku wakiwa wameahidi faragha. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Chini ya sheria hizo una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje.

Nitajuaje kwamba sasa ni ugonjwa?

Ugonjwa unaotambuliwa rasmi katika orodha ya magonjwa ya kimataifa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, ni wa kucheza gemu. Mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mambo mengine yote, na anaendelea ingawa anaona madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kupenda simu tu hakumfanyi mtu awe mgonjwa.

Lakini usisubiri miezi 12 ukiona kijana amejitenga, halali, ameacha shule, au ametukanwa na kudhalilishwa mtandaoni. Kumnyang'anya simu kwa hasira humfanya afiche zaidi. Keti naye, sikiliza kwanza, kisha mpeleke kituo cha afya na uombe aonane na mtoa huduma wa afya ya akili. Akitamka kwamba anataka kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake hata kidogo.