Marlowe, mtoto wa fundi viatu aliyeipeleka Zanzibar magharibi

Mwishoni mwa miaka ya 1580, kwenye jukwaa moja la London, mwigizaji aliyevaa kijemadari alisimama akatoa ripoti ya safari yake ya vita, kwamba kapita kandokando ya mto Nile, kafika kwa mfalme Mkristo wa kule Uhabeshi, halafu kalivusha jeshi mpaka Zanzibar, "upande wa magharibi wa Afrika", akakuta mito na maziwa lakini mtu hakuna wala mtoto. Wazanzibari mtuvumilie kidogo. Aliyeandika maneno hayo ni Christopher Marlowe, mtunzi wa michezo ya jukwaani wa Uingereza, kijana wa miaka kama 23 au 24 hivi, na wala hakua anabahatisha, alikua ameinamia atlasi ya Abraham Ortelius iliyotoka mwaka 1570, na humo jina Zanzibar limeandikwa kama nchi huko kusini magharibi mwa bara. Ramani ilikosea na mshairi akakosea nayo.

Nikiwasimulia hii wageni wa kitengo chetu cha fasihi wanacheka, halafu linakuja swali lile lile kila siku: huyu si ndio yule aliyeuawa baa? Au lile jingine, si ndio yeye aliyemwandikia Shakespeare? Nitafika huko, ila naomba tuanze na kazi zake, maana stori ya kifo imemmeza huyu jamaa mzima mzima na kuna watu wanajua jambia liliingia wapi lakini hawajui mstari wake hata mmoja.

Alibatizwa tarehe 26 Februari 1564 pale Canterbury, miezi miwili kamili kabla ya Shakespeare kubatizwa Stratford. Baba yake John alikua fundi viatu. Mtoto akapata nafasi shule ya King's ya hapo hapo mjini, halafu skolashipu ya kwenda chuo cha Corpus Christi, Cambridge, mwishoni mwa 1580. Hapa wanafunzi wetu wataelewa haraka: boom lake lilikua shilingi moja kwa wiki, na hiyo shilingi unapewa kwa wiki uliyokuwepo chuoni tu, usipokuwepo hupewi. Ndio maana leo tunaweza kukaa na vitabu vya hesabu vya chuo tukaona wiki nyingi kabisa hayupo, na akirudi kuna nyakati anatumia kwenye chakula na vinywaji hela inayozidi hiyo shilingi. Sasa mtoto wa fundi viatu hela kaitoa wapi?

Jibu, au nusu ya jibu, lipo kwenye barua ya tarehe 29 Juni 1587. Chuo kilikua kinasita kumpa digrii yake ya pili kwasababu zilizagaa habari kwamba anataka kuhamia Reims, Ufaransa, walikokua wanasoma Wakatoliki wa Kiingereza waliomkimbia Malkia Elizabeth, na kwa Uingereza ya wakati ule hilo lilikua karibu sawa na uhaini. Baraza la wakuu wa serikali likaiandikia Cambridge kwamba kijana amefanya utumishi mzuri kwa Malkia, kwenye mambo yanayohusu faida ya nchi, na asisumbuliwe na watu wasiojua alikua ametumwa nini. Digrii ikatoka. Barua haisemi alitumwa nini, ila hebu fikiria ni wanafunzi wangapi unaowajua wewe wanaombewa digrii na baraza la mawaziri. Ushushushu, watafiti wengi ndio wanavyoisoma.

Akaenda London na mchezo wake wa Tamburlaine Mkuu, ambao mwaka huo huo 1587 ulishaanza kutingisha jukwaa. Ni habari ya Timur Lenk, mchunga kondoo (kwa mujibu wa Marlowe, historia yenyewe ina maneno mengine) anayeinuka na kuteka falme moja baada ya nyingine, anamfungia Sultani Bayezid kwenye kizimba kama mnyama, anawafunga wafalme lijamu wamvute kwenye gari lake la vita. Watu walipagawa, ikabidi atunge sehemu ya pili, na hiyo ndio yenye Zanzibar yetu. Humo pia anachoma Msahafu jukwaani na kumkejeli Mtume, na muda mfupi tu baadaye anaugua ghafla na kufa, na Marlowe hasemi popote kama ni adhabu au ni ugonjwa tu, anakuachia. Akiwa anakufa anaomba ramani, aone imebaki sehemu gani ya dunia hajaiteka.

Lakini kilichowapiga watu sio vita, ni sauti. Sisi watu wa Kiswahili tuna bahati hapa kwasababu tunajua mizani. Shairi letu la kawaida mshororo una mizani 16, nane ukwapi na nane utao, na vina vyake vya kati na vya mwisho, ukikosa vina watu wanakwambia hilo ni guni. Mshororo wa Marlowe una mizani 10, unakwenda kwa kushuka na kupanda, chini juu, chini juu, mara tano, na vina hakuna. Mizani ipo, vina hamna. Mtindo hakuubuni yeye, mshairi mwenzake wa Kiingereza, Earl wa Surrey, aliutumia miaka mingi nyuma kumtafsiri Virgil, mshairi wa Kirumi, ila jukwaani ulikua mkavu, kila mstari unaishia pale pale kama askari anayepiga guu. Marlowe akauachia upumue, fikra moja inatiririka mistari mitatu minne mwigizaji hajavuta pumzi, na Edward Alleyn, mwigizaji mrefu mwenye sauti nzito, ndio aliyeibeba hiyo kazi. Kwenye utangulizi wa Tamburlaine kijana anawakejeli waziwazi wenzake wanaorukaruka na vina vyao. Jeuri ya mwaka. Lakini Ben Jonson, mtunzi mwingine wa michezo, ambaye kusifia watu hakukua hobi yake, alikuja kuusifu mshororo wa Marlowe kwa nguvu zake, na Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare kwenye Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi hakuweka vina, alifuata njia hiyo hiyo iliyopanuliwa na huyu mtoto wa fundi viatu. Na tukiwa hapo kwenye Mabepari wa Venisi, yule Shailoki, Myahudi mkopeshaji, ana kaka yake mkubwa, anaitwa Barabas, kwenye mchezo wa Marlowe wa Myahudi wa Malta, mtu wa hila anayeishia kutumbukia kwenye sufuria la moto alilomtegea mwingine. Chuki ya wakati ule kwa Wayahudi imejaa humo, usisome ukadhani ni utani mtupu, ingawa Wakristo na Waturuki wa mchezo huo nao wote ni matapeli.

Sasa Daktari Faustus. Hii ndio kazi yangu nayoipenda na sitajifanya kuwa katikati. Msomi wa Ujerumani, kasoma kila kitu, kachoka, anamwandikia shetani mkataba kwa damu yake mwenyewe: miaka 24 ya kupata kila anachotaka, halafu roho inachukuliwa. Akianza kuandika damu inaganda, mwili unakataa kabla yake, inabidi Mephistophilis, yule pepo anayemtumikia, alete makaa iyeyuke. Na hizo nguvu anazifanyia nini? Hapa ndio Marlowe anakuumiza. Anampiga Papa kofi akiwa haonekani, anamletea mke wa mtawala mmoja mjamzito zabibu mbivu katikati ya baridi ya Januari, anawachezea watu shere. Miaka 24, zabibu! Ile beti maarufu ya uso ulioziondoa merikebu elfu bandarini, watu wanaiweka mpaka kwenye kadi za harusi, ukirudi kwenye mchezo anayeambiwa sio Helena wa Troya, yule mrembo wa hadithi za Kigiriki, ni pepo aliyevaa sura yake, na Faustus analijua hilo na bado anambusu.

Halafu saa ya mwisho. Saa ya ukutani inagonga 5 usiku, amebaki peke yake, ana saa moja ya kuishi na mistari isiyofika 60. Nusu saa ya kwanza inachukua mistari mingi kuliko nusu ya pili, yaani muda unakimbia kweli kweli mbele ya macho yako, na katikati ya woga anachomoa mstari wa Kilatini: tembeeni polepole, polepole, enyi farasi wa usiku. Ni wa Ovid, mshairi wa Kirumi. Kwa Ovid anayesema hivyo ni mwanaume aliye kitandani na mpenzi wake, hataki kupambazuke, na Marlowe alikua amezitafsiri mwenyewe hizo tenzi za mapenzi (mwaka 1599 maaskofu wakaamuru tafsiri yake ichomwe). Akauchukua ule mstari wa raha akauweka mdomoni kwa mtu anayesubiri kuburuzwa motoni.

Mingine naigusa tu. Edward wa Pili, mfalme anayeng'ang'ania kipenzi chake Gaveston mpaka anapoteza kiti, mwisho kasimamishwa siku 10 kwenye maji machafu ya gereza na ngoma inapigwa asilale. Shairi refu la Hero na Leander aliliacha, George Chapman akalimalizia, likatoka 1598.

Haya, kifo. Huyu hakua mtu mpole, mwaka 1589 aliingia ugomvi wa mapanga mtaani London, rafiki yake mshairi Thomas Watson akamuua mtu, Marlowe akalala gereza la Newgate kama wiki mbili. 1592 kakamatwa Vlissingen, Uholanzi, kwa kesi ya kutengeneza sarafu bandia. Mei 1593 London ilikua na tauni na chuki dhidi ya wageni, mabango ya vitisho yakabandikwa, moja likiwa na sahihi ya "Tamburlaine", polisi wa siku zile wakapekua chumba cha mwandishi Thomas Kyd, wakakuta karatasi za kupinga dini, Kyd baada ya kuteswa akasema ni za Marlowe, waliwahi kuandikia chumba kimoja. Tarehe 20 Marlowe akaripoti barazani, akaambiwa aripoti kila siku.

Siku kumi baadaye, tarehe 30 Mei, yupo Deptford. Sio baa. Ni nyumba ya mjane Eleanor Bull. Wamekutana wanne saa 4 asubuhi, wamekula mchana, wametembea bustanini, jioni saa 12 wamerudi kula tena. Marlowe kajilaza kitandani, wengine watatu wamekaa kwenye benchi wamempa mgongo, Ingram Frizer katikati, Nicholas Skeres na Robert Poley huku na huku. Ugomvi ukaanza nani alipe bili. Marlowe akachomoa jambia la Frizer kwa nyuma, akamjeruhi kichwani, wakapambana, jambia likaingia juu ya jicho la kulia la Marlowe kina cha inchi mbili. Ripoti ya uchunguzi inataja mpaka bei ya jambia, peni 12 za wakati ule. Akafa hapo hapo, miaka 29. Tarehe 1 Juni kazikwa kaburi lisilo na alama, na mwezi haukuisha Frizer kasamehewa na Malkia.

Hiyo ripoti ililala kwenye nyaraka mpaka 1925 alipoifukua mtafiti Leslie Hotson. Na shida yake ni mashahidi: Poley alikua shushushu wa serikali, Skeres na Frizer ni matapeli wa mikopo, yaani watu watatu ambao uongo ndio ajira yao, kwahiyo kama ilikua bili kweli au alinyamazishwa, kila mtafiti ana mshale wake. Mimi la bili siliamini sana. Ila la kwamba hakufa akajificha akawa Shakespeare silikubali kabisa, watu 16 wa baraza la uchunguzi waliuangalia ule mwili, na isitoshe wawili hawa hawaandiki sawa, Marlowe hajui kuchekesha kama Shakespeare na Shakespeare hana ile kiburi. Walishirikiana hilo ni jambo jingine, na toleo la Oxford la mwaka 2016 limeweka jina la Marlowe pamoja na la Shakespeare kwenye sehemu zote tatu za mchezo wa Henry wa Sita. Pale Westminster Abbey, dirisha lake la mwaka 2002 limeandika mwaka wa kifo na alama ya kuuliza pembeni, jambo lililowaudhi wataalamu kibao, mimi nikiwa mmojawao.

Ukitaka kumsoma anza na Faustus, na angalia umeshika toleo lipi maana yapo mawili, la 1604 fupi na la 1616 lenye mistari zaidi ya 600 ya ziada, mingi vichekesho. Chukua la 1604. Ile saa ya mwisho isome kwa sauti, hesabu mizani kwa vidole.